Kiatu cha Shemeji Aminieli

Marahaba, marahaba. Kaeni hapo kwenye mkeka. Na wewe mwenye simu izime, maana nakujua, nikianza tu utataka kuhakikisha kama bibi anasema kweli.

Mmeniuliza kazi yangu ilikuwa kazi gani. Hata enzi zile watu walikuwa wananiuliza hivyo hivyo, tena kwa dharau kidogo. Mume wangu, Mungu amrehemu, wenzake wakimuuliza mkeo anafanya kazi wapi, alikuwa anajibu "yuko ofisini" anaishia hapo. Angesemaje sasa? Aseme mke wangu analipwa kueleza kwa nini Waebrania wa zamani walikuwa wanavuana viatu?

Lakini ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulikuwa na kiofisi Kariakoo, karibu kabisa na soko, juu ya duka la vitabu vya kanisa. Chini wanauza madaftari, bahasha na vitabu vya nyimbo. Sisi tuko juu, ngazi ni za mbao na zinalia ukipanda. Tulitengeneza vijitabu vyembamba vya kufafanua mambo magumu ya Agano la Kale: vipimo vyao, mavazi yao, watu ambao majina yao hata kuyatamka ni shughuli, na mila zao. Mtu akiwa na swali lake anapanda, anatuuliza ana kwa ana. Mimi niliingia pale kama taipisti. Kila nilichokuwa napiga chapa nikawa nakiulizia maswali, mpaka Mwalimu Nahumu akachoka, akaniambia basi andika mwenyewe.

Mwalimu Nahumu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alitoka Kusini kama mimi, mrefu, mwembamba, kaptula ya kaki na soksi ndefu hata kwenye joto la Dar. Kiebrania alikijua kidogo, cha chuoni, na alikuwa anaona haya kukitaja. Kanuni yake ilikuwa moja: kabla hujafungua kitabu, shuka ngazi. Alikuwa anasema vitabu vya rafu yetu vimeandikwa na mabwana waliosoma sana lakini hawajachunga mbuzi hata siku moja, na huko chini barabarani wamejaa watu waliochunga. "Kawaulize hao kwanza," anasema. "Ukirudi ndiyo tutafungua kitabu tuone kama kinakubali."

Nilidhani ni uvivu wa kupanda kwenye kiti kushusha vitabu. Nilikuwa binti mwenye mdomo, nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, akaninyooshea kidole mlangoni.

Basi nikaanza kushuka. Swali moja lililonitesa lilimhusu Yaeli, yule mwanamke aliyemuua jemadari wa adui hemani kwa nyundo na kigingi. Mimi nilikuwa najiuliza, mwanamke kigingi na nyundo kavipatia wapi, na kajuaje kupiga? Nikataka kuandika kwamba alipewa nguvu za ajabu. Mwalimu akanituma kwa mlinzi mmoja Mmasai aliyekuwa analinda ghala la nafaka. Nikamuuliza, kwenu nani anajenga nyumba? Akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea wapi. "Mama," akasema. Nani anakata miti? Mama. Nani anaichomeka chini? Mama. Nikarudi, tukafungua kitabu kikubwa, na kweli, kwa watu wa mahema kazi ile ilikuwa ya wanawake. Yaeli alishika kitu alichokishika kila wanapohama. Nguvu za ajabu nikazifuta.

Siku nyingine nilikosea vizuri sana. Kuna sheria yao inasema ukijenga nyumba mpya uweke ukuta mdogo kuzunguka dari la juu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya makuti, nimehamia kwenye nyumba ya bati, nikaandika kwamba ukuta ule ulikuwa pambo la nyumba za matajiri. Mwalimu hakunisahihisha. Alinichukua mpaka ghorofa moja la Wahindi mtaa wa pili, akabisha hodi, akaomba ruhusa, tukapanda mpaka juu kabisa, kwenye paa bapa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameanika pilipili na embe za achari, watoto wake wanakimbizana. Mwalimu akaniambia nisogee pembeni nitazame chini. Nikaona vichwa vya watu na mikokoteni, nikakaa chini palepale kwenye pilipili. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kunieleza ukuta ule ulikuwa wa nini.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa neno "hatujui." Kuna vitu viwili kuhani wao alikuwa anavibeba kifuani, Urimu na Thumimu, anaviuliza shauri la Mungu. Vilikuwa mawe? Vijiti? Hakuna ajuaye, wasomi wanabishana mpaka leo. Kwenye kijitabu tuliandika hivyo hivyo, kwamba hatujui. Fundi saa mmoja wa Mtaa wa Kongo akapanda ngazi amekasirika, kijitabu mkononi, amepiga mstari kila penye neno lile. Akasema hiki ni kijitabu cha watu wasiojua, yeye anataka kile cha wanaojua. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, wanaojua hawajaandika." Yule bwana akakaa, mwishowe wakanywa chai pamoja, na akawa mteja wetu wa kudumu.

Sasa kuhusu hicho kiatu.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja, mtu wa Kilimanjaro, anashona barazani mtaa wa nyuma yetu yeye na mumewe. Mumewe akafariki kwa ugonjwa wa ghafla. Mama akabaki na wanawe wawili wa kiume, mkubwa anaitwa Eliakunda, ndiyo maana tulimwita Mama Kunda. Walikuwa wamepanga Magomeni kwenye nyumba ya uani. Mwanamke wa maneno machache, mikono mepesi, gauni zangu zote alizishona yeye.

Siku moja akapanda ngazi zetu, bado amevaa nguo nyeusi. Akakaa, nikampa maji. Kisha akasema baba mkubwa wa marehemu, Mzee Elifasi, anashuka kutoka Kilimanjaro kuja kumaliza mambo ya msiba. Na ameshatuma neno kwamba mjane atachukuliwa na mdogo wa marehemu, shemeji Aminieli, kama mila inavyotaka. Na kwamba hata Maandiko yameagiza hivyo.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Ni kweli yameagiza?"

Mimi damu ikanichemka. Nikaanza kusema serikali imeshatoa sheria, mjane halazimishwi kuolewa na mtu, aende kwa balozi wake wa nyumba kumi, aende mahakamani. Akaningoja nimalize. Akasema anajua. Nikikataa kwa ugomvi, akasema, hakuna atakayenipiga. Lakini watasema nimetoka kwenye ukoo. Na nikitoka kwenye ukoo, wanangu watapoteza kihamba cha baba yao.

Nyie watoto wa mjini, kihamba ni ile ardhi ya ukoo huko mlimani, yenye migomba na kahawa, ambamo baba anazikwa na mtoto wa kiume anajenga. Kijana asiye na kihamba kwao ni kama hana alikotoka. Basi mama yule alikuwa amebanwa hapo. Akikubali, anakuwa mke wa pili wa shemeji yake, mtu aliyemheshimu kama ndugu. Akikataa, wanawe wanakosa kwao. Alikuwa anaogopa, na alisema hivyo kwa mdomo wake, kwamba anaogopa hata kulala.

Mwalimu akamweleza polepole. Kwamba ndiyo, Torati inayo sheria hiyo, lakini ni ya mtu aliyekufa bila mtoto wa kiume, ili jina lake lisipotee. Wewe una wavulana wawili, jina la mumeo lipo. Tena hata wakati ule ndugu aliweza kukataa. Akikataa, mjane anakwenda kwa wazee langoni mwa mji, anamvua yule ndugu kiatu na kumtemea mate, na nyumba yake inabaki na jina baya.

Mama Kunda akashtuka. Akasema yeye shemeji yake hawezi kumtemea mate, ni mtu mwema. Akashukuru, akaondoka.

Haikupita wiki, nani tena anapanda ngazi? Aminieli mwenyewe. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Gerezani, mtu mzito, anatembea kama bata, miguu imetazama nje. Mikono ina grisi. Akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kwa daktari na ugonjwa wa aibu.

"Mwalimu," akasema, "nasikia kuna mtu kwenye Maandiko aliyekataa kumchukua mke wa ndugu yake akaitwa jina baya. Nataka kujua, dhambi yake ilikuwa nini hasa."

Akaeleza. Ana mke, wanapendana, wana watoto. Hataki mke wa pili. Kanisani kwake hawaruhusu wake wawili, na moyo wake mwenyewe haumpeleki huko. Lakini kaka yake ndiye aliyemleta mjini, ndiye aliyemtafutia kazi. Akikataa nyumba ya kaka yake, si ni kumkataa kaka yake kaburini? Hapo akalia, jitu zima, akijifuta kwa mkono wenye grisi mpaka uso ukawa mweusi.

Mimi nilikuwa karibu kupasuka. Shemeji hataki, mjane hataki, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshakubali! Nikafungua mdomo. Mwalimu akanitazama jicho moja tu, nikaufunga. Ilikuwa sheria ya ofisi: swali la mtu ni la kwake, halitoki pale juu. Sisi tunafafanua, hatupeleki habari.

Ila alimfafanulia jambo moja ambalo Mama Kunda hakuwa ameambiwa. Alimweleza kiatu cha pili. Kwenye habari za Ruthu, yule mjane mgeni, alikuwepo ndugu wa karibu mwenye haki ya kukomboa shamba la marehemu na kumchukua mjane. Hakutaka. Lakini hapo hakuna mate wala matusi. Alivua kiatu chake mwenyewe, mbele ya wazee langoni, akampa mwenzake, maana yake haki yangu nimekuachia wewe. Mambo yakaisha kwa amani. "Na ujue," Mwalimu akasema, "yule aliyeiandika habari hiyo ilibidi asimame katikati awaeleze wasomaji wake kwamba zamani ndivyo watu walivyokuwa wanafanya. Maana hata wao walikuwa wameshasahau. Naye alikuwa mfanyakazi mwenzetu."

"Kwa nini kiatu?" Aminieli akauliza. "Kwa nini si pete, au fimbo?"

Tulishashuka ngazi kwa ajili ya swali hilo, miezi mingi nyuma. Mshona katambuga, vile viatu vya matairi, kule Gerezani alituambia kiatu ndicho kinachokanyaga shamba, kwa hiyo anayetoa kiatu anatoa haki ya kukanyaga. Vitabu vingine vinasema hivyo pia, vingine havikubali. Mwalimu akamweleza yote hayo, akamalizia na neno lake, hatujui kwa hakika. Aminieli akaenda zake akitikisa kichwa.

Baadaye Mama Kunda akarudi. Mzee Elifasi amefika, kikao ni Jumapili, tafadhali Mwalimu aje aeleze yale aliyomweleza, maana yeye mwanamke hataweza kuyasema mbele ya wazee. Mwalimu akakubali, na mimi nikasema siachwi nyuma, hata kama ni kubeba kitabu.

Basi Jumapili ile tukaketi uani kwao Magomeni. Mzee Elifasi kwenye kiti cha mikono, koti zito la mlimani, anatoka jasho na hataki kulivua. Aminieli na mkewe kwenye benchi. Aminieli alikuwa amevaa viatu vyake vya harusi, vyeusi, vya ngozi, vinang'aa. Enzi zile za kupanga foleni hata kwa sabuni, mtu mwenye viatu kama vile alivitunza kama macho yake. Mama Kunda chini kwenye mkeka. Na balozi wa nyumba kumi, Mzee Pazi, Mzaramo na Mwislamu, alikuwa ameitwa kama shahidi. Mwalimu alipoeleza habari za wazee wa langoni, Mzee Pazi akauliza, "Kwa hiyo hapa mimi ndiye lango?" Watu wakacheka kidogo, na Mwalimu akasema ndiyo, wewe ndiye lango.

Mwalimu alisema yote. Mzee Elifasi alisikiliza kwa makini, mkono sikioni. Kisha akasema, na hakuwa mtu mbaya mzee yule, msimchukie. Akasema nimesikia kwamba sheria yao ni ya asiye na mtoto. Nimesikia na serikali inasema mjane asilazimishwe. Lakini mimi nitapanda basi, nitarudi nyumbani. Mwanangu amekufa, nyumba yake iko huku mjini haina mwanamume. Kesho akija mwanamume mwingine hapa, kihamba cha mwanangu kitakuwa cha nani? Aminieli atasema nini? Na nikifa mimi, nani atakumbuka mlichokubaliana leo?

"Tutakumbuka sisi," akasema Mzee Pazi.

"Mdomo unasahau," akasema mzee. "Kwetu jambo likiisha tunashika kitu. Mtu akikuletea jani la sale, umeshamsamehe, hata kama moyo bado unawaka. Jani limeonekana. Kuna sale hapa?"

Hakukuwa na sale Magomeni. Kulikuwa na mchicha na mpapai. Mzee akatazama uani pote, akamgeukia Mwalimu, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli. "Hicho kiatu chao. Walikuwa wanakifanyaje?"

"Anavua mwenyewe, anampa anayemwachia haki, mbele ya wazee."

"Cha kulia au cha kushoto?"

"Haikuandikwa, mzee."

"Mbona hawakuandika jambo kubwa namna hiyo?" mzee akasema, na akawa amekasirikia Waebrania badala ya kutukasirikia sisi.

Hapo ndipo Aminieli aliposimama. Mkewe akamshika shati, akadhani anaondoka. Akakaa tena, akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto. Kwa vidole vyake vinene ikachukua muda. Akakivua. Soksi ilikuwa na tundu kidoleni, mkewe akafunika uso. Akaenda mpaka kwenye mkeka kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wa soksi.

"Shemeji," akasema, "nyumba ya kaka nakuachia wewe. Kihamba ni cha Kunda na mdogo wake, mimi sitakidai. Nitakuwa baba yao mdogo. Mume wako siwezi kuwa."

Mama Kunda akakipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipojua kwamba na shemeji yake hakuwa anataka. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani hakukilia, na mke wa Aminieli akatoka kwenye benchi akaenda kukaa naye chini, wakalia wote. Mimi pia nililia, naona aibu gani sasa kuwaambia.

Mzee Elifasi akasema, "Nimeona." Mzee Pazi akasema, "Na mimi nimeona." Ndipo mzee alipovua lile koti.

Aminieli alirudi kwake Gerezani amevaa kandambili za mkewe, visigino vinaning'inia nje, na mkewe nyuma yake peku amebeba kiatu kilichobaki. Karakana nzima walimcheka, mtu mzima kutoa kiatu kizima wakati viatu hakuna. Mama Kunda alikifunga kile chake kwenye kanga, akakiweka sandukuni, akarudi kwenye cherehani yake.

Miaka ikaenda. Mwalimu Nahumu akafariki, Mzee Pazi akafariki, Mzee Elifasi naye. Ofisi yetu ilifungwa, mimi nikapewa kazi ya kusimama dukani chini. Wavulana wakawa vijana. Eliakunda akapata mchumba, akapanda Kilimanjaro kujenga kwenye kihamba cha baba yake, akamkuta mtoto wa Mzee Elifasi, jina lake Yosia, ameshapanda migomba yake humo.

Yosia hakuwa na haya. Alishuka Dar akaitisha kikao yeye mwenyewe, uani palepale. Akasema mama yenu alikataa kurithiwa, kwa hiyo alijitoa kwenye ukoo, na nyie mmetoka naye. Baba yangu hakuniachia neno lolote la kuwapa nyie kihamba. Nani shahidi?

Mama Kunda alikuwa ameniita, maana kati ya walioona tulibaki mimi, Aminieli na mkewe. Nikasimama nikaeleza. Yosia akasema huyu mama si wa ukoo, tena ni rafiki wa mjane, mjane ndiye anayemshonea gauni. Mama Kunda akaingia ndani, akatoka na ile kanga, akafungua. Kiatu cheusi, kimekauka, kimepasuka juu. Yosia akakigeuza mkononi. Akasema, kwa adabu lakini kwa ubaridi, kiatu kimoja kikuukuu mtu anaweza kukiokota jalalani.

Tukamgeukia Aminieli. Alikuwa amekaa kwenye benchi, amestaafu, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amepigwa na kiharusi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno hayatoki. Alijaribu. Ilitoka sauti tu. Niliona Eliakunda anainamisha kichwa, na mimi nikajisemea kwisha, kihamba kimekwenda.

Aminieli akagonga goti la mkewe kwa mkono mzima. Mkewe akavuta kikapu kutoka chini ya benchi, kikapu nilichodhani ni cha sokoni. Akatoa gazeti, akafungua gazeti. Kiatu cha kulia.

Akakiweka chini kwenye saruji, kando ya kile cha kushoto. Ngozi ileile, matundu ya kamba yaleyale, na visigino vyote viwili vimelika upande wa nje, sawasawa, kama vinavyolika viatu vya mtu anayetembea kama bata. Tofauti ni kwamba kimoja kilikuwa kimepakwa rangi. Alikuwa anakipaka rangi miaka yote ile, mkewe akatuambia, kila Jumamosi akipaka viatu vingine anakipaka na kile. Akimwambia akitupe, anajibu kile ni ushahidi, na ushahidi wenyewe anao nusu.

Yosia akainama akavitazama. Kisha akasogeza kimoja kwa kidole, akavilinganisha vizuri, akakaa. Akasema, "Basi, mama. Migomba nitaing'oa."

Nami nimekaa pale nikiwa na swali la Aminieli kichwani, lile alilouliza amesimama mlangoni na mikono ya grisi. Kwa nini kiatu, na si pete? Nilikuwa nimepiga chapa jibu letu mara nyingi, hatujui kwa hakika. Sasa nilikuwa natazama jibu moja liko chini kwenye saruji. Pete ni moja tu, ukishaitoa imekwenda. Kiatu ukikitoa, mwenzake unabaki naye nyumbani, na hao wawili hakuna atakayeweza kudai kwamba hawajuani. Wasomi hawajasema hivyo. Mwalimu angekuwepo angeniuliza, wewe umejuaje? Ningemwambia nilishuka ngazi.

Mama Kunda akavichukua vyote viwili. Akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akamvua kandambili, akamvalisha cha kulia, kisha kile cha kushoto alichokuwa ametunza. Miguu ilikuwa imevimba kwa ugonjwa, kamba akaziacha wazi. Aminieli akatazama miguu yake, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Eliakunda akamshika mkono akamwinua. Wakatoka uani polepole, anatembea kama bata, na mkewe nyuma yao amebeba kandambili.